Altezza na Njia ya Kwenda kwa Bibi

Gari la michezo lilifika Bariadi likifuata lami. Kabla ya hapo, aliyetoka Lamadi kwenda Bariadi alipita kwenye changarawe, na aliyependa shokapu zake alipanda basi. Januari 2017 Rais John Magufuli alifungua barabara ya lami ya Lamadi–Bariadi yenye urefu wa kilomita 71.8. Upande wa kusini kazi ilikuwa ikiendelea: Mwigumbi hadi Maswa kilomita 50.3, kisha Maswa hadi Bariadi kilomita 49.7. Vipande hivyo vilipoungana, Simiyu, mkoa ulioanzishwa mwaka 2012, ukapata njia moja laini kutoka barabara ya Shinyanga–Mwanza hadi ile ya Mwanza–Musoma. Haukupita muda, vijana wakaanza kuonekana mjini na magari ambayo tumbo lake liko jirani na ardhi.

Mmoja wao alikuwa mhasibu wa kinu cha kuchambua pamba. Simiyu ndiyo inayoongoza kwa pamba nchini, na msimu wa ununuzi unapofunguliwa, kwa kawaida mwezi Mei, Bariadi hubadilika: malori hupanga foleni, maduka ya simu hujaa, nyumba za wageni hukosa vyumba. Baada ya msimu mmoja uliokwenda vizuri, akiwa bado kapera, alikwenda Mwanza akarudi na Toyota Altezza RS200 ya rangi ya fedha, namba C.

Kwa asiyeijua, Altezza si gari la kubezwa. Toyota iliitoa Oktoba 1998, na mwaka huohuo ikatwaa tuzo ya Gari Bora la Mwaka nchini Japani. Nje ya Japani iliuzwa kwa jina la Lexus IS. Toleo la RS200 lina injini ya lita 2 yenye nguvu za farasi 210, gia sita za kubadilisha kwa mkono, na magurudumu yanayosukuma ni ya nyuma. Kwa gari la milango minne lililoundwa miaka ya 1990, hicho ni kiasi kikubwa cha nguvu kutoka kwenye injini ndogo, na nguvu hiyo haiji mpaka injini izunguke sana. Dereva wa Altezza hujifunza kusubiri sauti.

Mhasibu alijifunza. Jumamosi alishuka Lamadi, akala sato wa Ziwa Victoria, akarudi kabla ya jua kuzama. Barabara ile haina kona nyingi, lakini ina vijiji, na kila kijiji kina kibao cha 50. Ina ng'ombe pia, nao hawasomi vibao. Mtu anayeendesha kati ya Lamadi na Bariadi jioni, mifugo inaporudi zizini, hujua kuvumilia kundi zima livuke huku mchungaji mdogo akiliangalia gari kwa makini kuliko anavyowaangalia ng'ombe. Kiti cha nyuma cha Altezza kilikaa miaka kadhaa bila abiria wa kudumu. Kilibeba makabrasha, jezi, na mara mojamoja gunia la viazi vitamu kutoka kwa wazazi wake.

Ndoa haikuligusa gari. Mke, mwalimu wa shule ya msingi, alilipenda kama mumewe. Alikuwa mzaliwa wa kijiji kimoja cha Wilaya ya Itilima, mbali kidogo na Lagangabilili, na safari za kwenda kwao zilifanyika Julai na Agosti, wakati ardhi imekauka na kupasuka. Mumewe aliingia kwenye barabara ya vumbi kwa mwendo wa kutembea, akipanga tairi juu ya matuta ili tumbo la gari lisisuguane na kilima cha katikati. Walifika, wakala kuku, wakarudi siku hiyohiyo.

Mtoto akazaliwa Novemba.

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa mama likizo ya uzazi ya siku 84 na baba siku 3. Ndani ya tofauti hiyo ya siku 81 ndimo hadithi hii ilimozaliwa. Baba alitumia siku zake tatu kati ya wodi na duka la dawa, kisha akarudi kwenye vitabu vya hesabu. Mama, huyu akiwa mzaliwa wake wa kwanza, alitaka kulelewa na mama yake. Wiki chache baada ya kujifungua akapelekwa Itilima, njia ikiwa bado inapitika. Tangu hapo familia ikawa na makazi mawili, na kati yake kuna barabara ambayo Altezza iliijua kwa sura yake ya kiangazi tu.

Ratiba ya mtoto haikuangalia hali ya hewa. Chanjo ya kifua kikuu na tone la kwanza la polio hutolewa anapozaliwa. Zinafuata za wiki ya 6, ya 10 na ya 14, halafu surua na rubela katika mwezi wa 9 na tena wa 18. Tarehe huandikwa kwenye kadi ya kliniki mapema, na nyingi kati yake, kwa mtoto wa Novemba, zinaangukia katikati ya masika ya Usukumani. Mvua za huko huanza Oktoba au Novemba na kuendelea, kwa kusitasita, hadi Mei. Ni mvua hizohizo zinazootesha pamba. Mkulima akizipata kwa wakati anashukuru. Mwenye gari la chini anapiga simu kuuliza njia.

Tatizo lenyewe liko kwenye udongo, na Wasukuma walilichambua zamani. Juu, karibu na vilima vya mawe, kuna luseni, udongo wa kichanga unaopitisha maji. Ukishuka unakutana na itogolo, mgumu na usionyonya haraka. Bondeni kuna mbuga, udongo mweusi mzito. Kila mmoja una jina, zao lake na tabia yake. Mwaka 1935 Geoffrey Milne, mtaalamu wa udongo aliyekuwa kwenye kituo cha utafiti cha Amani, Tanga, aliuelezea ulimwengu wa sayansi mpangilio wa namna hii, jinsi udongo wa Afrika Mashariki unavyobadilika kwa zamu kutoka kilele hadi bonde, na istilahi yake ya catena inafundishwa vyuoni hadi leo. Mfinyanzi wa mbuga hunywa maji na kuvimba. Ukikauka husinyaa na kuacha nyufa. Ukiwa umelowa hujaza meno ya tairi mpaka tairi linakuwa laini kama mche wa sabuni, na hapo nguvu za farasi 210 hazina pa kushika.

Barabara ya kijijini haiwezi kubaki juu kwenye luseni siku zote. Lazima ishuke, ivuke bonde, ipande tena. Ndiyo maana hapo jamaa wanapokuuliza hali ya njia, hawaulizi ni kilomita ngapi. Wanauliza ni mabonde mangapi.

Jumamosi moja ya Desemba, mvua ikiwa imenyesha usiku na jua likiwa limetoka asubuhi, mhasibu alipakia nepi, sabuni, sukari na dawa ya mama mkwe ya shinikizo la damu. Lami ilikuwa kavu. Luseni ilikuwa kavu. Bonde la kwanza lilipitika. Katika la pili, gari lilipunguza mwendo lenyewe, likateleza upande mmoja taratibu, magurudumu ya nyuma yakachimba, na tumbo likakaa chini. Altezza ina nafasi isiyofika sentimita 15 kati ya tumbo na ardhi. Matuta ya matrekta yaliyokuwa mbele yake yalikuwa na kina zaidi ya hapo.

Watu walikuja, kama wanavyokuja siku zote. Mzee mmoja alifika na jozi ya ng'ombe wa plau na mnyororo. Alilizunguka gari, akainama, akainuka.

"Baba, gari hili ni la wapi?"

"La Bariadi, mzee."

"Basi liache lilale Bariadi."

Vijana walicheka mpaka mmoja akaketi. Ng'ombe walilivuta kurudi nyuma hadi penye ardhi ngumu, na mwenye gari akamalizia njia kwa miguu, viatu mkononi, nepi begani. Si hali ambayo mkwe hupenda kuonekana nayo mbele ya mama mkwe. Yule mama alimpokea kwa heshima zote, akiangalia pembeni. "Karibu, baba. Mtoto hajambo. Maji ya kuoga yapo." Hakugusia matope hata kidogo, na ukimya huo ulimsumbua mkwe kuliko vicheko vya bondeni.

Usiku ule mkewe ndiye aliyelisema. "Mume wangu, leo umeleta nepi. Siku tukihitaji kumtoa mtoto hapa usiku?"

Mjadala wa kuliuza gari uliisha hapo, kabla haujaanza. Kilichobaki ni swali la kununua nini, na hapo ndipo vijana wengi wa Simiyu hupotezwa na sifa za barazani. Mhasibu aliandika orodha. Noah lina nafasi, lakini tumbo lake haliko juu kiasi cha kuvuka matuta yale. RAV4, zile ambazo madalali huziita Kilitime na Miss Tanzania, ziko juu kidogo, vipuri vyake vimejaa kila mji, na nyingi zina magurudumu manne yanayovuta. Zinakosa gia nzito ya kutembea polepole kwenye matope. Suzuki Escudo, iliyoanza kutengenezwa mwaka 1988, ina gia hiyo kwenye matoleo mengi, na bei yake ni ya mshahara wa kawaida. Land Cruiser ya mfululizo wa 70, ile Hardtop inayotengenezwa tangu 1984, ingemaliza kila tatizo isipokuwa la fedha. Katikati ilisimama Prado ya zamani ya dizeli, ya mwishoni mwa miaka ya 1990.

Bei ya magari haya makuukuu humshangaza mgeni. Sababu iko bandarini: ushuru wa forodha asilimia 25, VAT asilimia 18, ushuru wa bidhaa asilimia 5 kwa injini ya zaidi ya cc 1,000 hadi 2,000 na asilimia 10 kwa inayozidi hapo, na juu yake nyongeza ya uchakavu ya asilimia 30 kwa gari lililozidi miaka 10. Kodi hizo hupandiana. Ndiyo maana Prado lenye umri wa kupiga kura bado linauzwa kwa bei ya kiwanja.

Yadi moja ya Mwanza ilikuwa tayari kubadilishana: achukue Prado, aache Altezza, aongeze fedha. Mhasibu akafanya kile anachokifanya kazini. Akagundua kwamba katika biashara ya namna hiyo mtu mmoja ndiye anayepanga bei ya magari yote mawili; la mteja hushuka kwa sababu "soko lake ni la vijana", na la yadi hupanda kwa sababu "hizi haziletwi tena". Aliiuza Altezza mwenyewe kwa kijana wa Shinyanga mjini, mkataba ukaandikwa kwa wakili na kadi ikabadilishwa jina, kisha akarudi Mwanza na fedha taslimu. Tofauti kati ya njia hizo mbili ilitosha kununua tairi nne mpya.

Fundi aliyekwenda naye hakufungua boneti kwanza. Alilala chini akagonga chesisi kutafuta kutu, akatikisa propela, akaangalia kama difu zinavuja. Halafu akaomba wapelekwe kwenye kiwanja chenye tope na akavuta mkono wa gia nzito. "Bosi, Prado nyingi zina mkono huu," alisema, "lakini haujaguswa tangu zishuke melini. Siku ukiuhitaji umeshika kutu." La kwanza halikuingia. La pili halikuingia. La tatu liliingia kwa kelele, magurudumu ya mbele yakazunguka, na hilo ndilo lililokwenda Bariadi.

Nafasi ya zaidi ya sentimita 20 chini ya tumbo iliibadilisha ramani. Kliniki ya wiki ya 10 ilifanyika kwa tarehe yake. Mama mkwe, ambaye alikuwa hajawahi kupanda gari la mkwewe, alikwenda kupimwa shinikizo katika hospitali mjini na akarudi jioni. Mbuzi alisafiri. Gari likaanza kujulikana kijijini, na gari likijulikana kijijini huwa la kila mwenye mgonjwa, mahari au msiba. Upande wa pili wa daftari, mafuta yaliongezeka, na mhasibu, ambaye zamani hakujua EWURA hutangaza bei kikomo siku gani, sasa anaisubiri Jumatano ya kwanza ya mwezi.

Ila kuna mambo ambayo gari la juu halikuyaleta, na haya ndiyo ambayo wazazi wapya husahau kwa sababu ukubwa wa gari huwapa moyo. Magurudumu manne yanayovuta husaidia kuondoka, hayasaidii kusimama. Kwenye lami iliyolowa, gari zito lenye kimo kirefu huhitaji mwendo mdogo kuliko ule ambao Altezza ilisamehe. Kimo kikipanda, hatari ya kupinduka kwenye kona ya ghafla hupanda nayo. Huko Marekani mfumo wa kielektroniki wa kulizuia gari lisiyumbe ulifanywa wa lazima kwa magari mapya mepesi kuanzia yale ya mwaka 2012. Prado nyingi za miaka ya 1990 hazina kitu hicho. Mhasibu alilitambua hilo karibu na Maswa, alipomkwepa mbuzi kwa namna aliyozoea na kuhisi gari zima likiegemea.

Jambo la pili ni kiti cha mtoto. Sheria yetu ya Usalama Barabarani ni ya mwaka 1973 na haikuweka sharti la kiti maalumu cha mtoto, kwa hiyo wachanga wengi husafiri mapajani. Mapaja hayashiki kitu gari linapogonga. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba kiti sahihi hupunguza vifo vya wachanga kwa takribani asilimia 70. Japani, yanakotoka magari yetu, ililazimisha viti hivyo kwa watoto walio chini ya miaka 6 tangu Aprili 2000. Kiti cha mchanga hufungwa nyuma, mtoto akitazama upande wa nyuma ya gari, na hakiwekwi mbele ya mfuko wa hewa unaofanya kazi. Mama mkwe alikiona akauliza kwa nini mtoto amefungwa kama mhalifu. Alipoelezwa, akakubali, kwa sharti kwamba yeye akae pembeni yake.

Jambo la tatu liko nyuma ya gari. Gari likiwa refu, eneo ambalo dereva halioni anaporudi nyuma huwa kubwa, na mtoto anayejifunza kutembea hufika kimo hichohicho kisichoonekana. Mwaka 2002, katika jimbo la New York, mtoto wa miaka 2 aitwaye Cameron Gulbransen alifariki baada ya baba yake kurudisha nyuma gari la juu nyumbani kwao. Sheria ya mwaka 2008 ilipewa jina lake, na kuanzia Mei 2018 kamera ya nyuma ikawa lazima kwa magari mapya mepesi nchini Marekani. Kwa mhasibu suluhisho lilikuwa kamera ya bei nafuu iliyofungwa na fundi redio, pamoja na amri ya nyumbani: gari haliwashwi mpaka mtu mzima amtaje mtoto yuko mikononi mwa nani.

Wapenzi wa magari ya chini wana jibu lao, na si la kupuuzwa. Mashindano ya Safari yalianza mwaka 1953 yakipita Kenya, Uganda na Tanganyika, na washindi wake wengi hawakuendesha Land Cruiser. Mwaka 1971 Edgar Herrmann alishinda kwa Datsun 240Z, gari la michezo la milango miwili. Mwaka 1973 Shekhar Mehta akashinda kwa gari la aina hiyohiyo. Matope ya Aprili hayakuwazuia. Lakini magari yale yaliimarishwa chini, yaliongozwa na mabingwa, na yalikuwa na mafundi na vipuri vikisubiri njiani. Na hakuna kati yake lililobeba mtoto wa wiki sita.

Mwaka uliofuata jirani wa mhasibu, mwenye Subaru Impreza ya buluu yenye tabo, alimjia jioni. Mkewe alikuwa mjamzito na shemeji zake wote walikuwa wamemshauri auze anunue Prado.

"Wakwe zako wako wapi?" mhasibu aliuliza.

"Lamadi. Pale stendi, nyumba ya pili."

"Na wazazi wako?"

"Maswa mjini."

"Kliniki?"

"Hapa hapa Somanda."

Mhasibu alihesabu kwa vidole: Lamadi lami, Maswa lami, Somanda kwa bajaji. Akamuuliza tairi zake zina umri gani, na jirani akakiri kwamba hazijabadilishwa tangu alinunue. Walikubaliana abaki na Subaru, abadilishe tairi zote nne kabla mtoto hajafika, na Jumamosi waende pamoja Mwanza kutafuta kiti kinachoingia kwenye mikanda ya nyuma ya Impreza. Waende na Subaru lenyewe, mhasibu alisisitiza, maana kiti lazima kijaribiwe ndani ya gari kabla ya kulipiwa. Jirani akamwambia kama ni hivyo, usukani atashika yeye mhasibu kuanzia Bariadi hadi Lamadi. Hakukataa.